Njiwa Aliowaacha Mama

Ndinda aliamka majogoo wa jirani walipoanza kushindana kuwika. Alikunja shuka, akachukua ndoo na kwenda mferejini. Mfereji huo wa bomba ulikuwa katikati ya nyumba yao na ya Hawe Mbeyu, hapo Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi. Maji yalitoka alfajiri na kukatika jua likipanda, kwa hiyo aliyependa usingizi aliishia kuoga kwa maji ya kuomba. Ndinda hakutaka kuomba maji kwa mtu. Alijaza ndoo yake, akafagia ua, akabandika chai jikoni, kisha akapanda juu ya kigoda kutazama sanduku la njiwa.

Sanduku hilo lilitengenezwa na mama yake, Mwikali, kwa mbao za kreti la nyanya. Lilitundikwa chini ya paa la mabati, upande wa jikoni. Lilikuwa na tundu la kupitia njiwa na kimlango cha ubao cha kuliziba, kilichofungwa kwa kipande cha waya kila usiku, maana paka wa mtaa ule walikuwa hawana haya. Njiwa wenyewe walikuwa wawili tu, dume wa kijivu na jike mweupe. Hawe Mbeyu ndiye aliyempa Mwikali njiwa hao walipokuwa bado wadogo, siku zile familia ilipohamia hapo kutoka Kitui, naye Mwikali hakuwa na mtu wa kuzungumza naye mchana kutwa.

"Chukua hawa," Hawe alimwambia. "Ukikosa wa kupiga naye soga, piga soga nao. Hawatakujibu, lakini pia hawatakusengenya."

Watoto wote wa mtaa walimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, ingawa hakuwa bibi wa damu wa hata mmoja wao. Mwikali alifanya kama alivyoambiwa. Aliwasemesha njiwa kwa Kikamba huku akichambua mboga, na Ndinda na baba yake walimcheka sana.

Sasa Mwikali hakuwapo. Figo zilimsumbua mwaka mzima. Siku ya mwisho kabla ya kupelekwa hospitalini, aliomba ashikwe mkono apande kigodani. Alichungulia ndani ya sanduku, akatabasamu. "Mayai mawili," alisema. "Ndinda, utaniangalizia mpaka nirudi." Hakurudi. Alizikwa nyumbani kwao Kitui, kwenye udongo mwekundu, na watu walipomaliza kuimba Ndinda aliendelea kusimama pale mpaka baba alipomwondoa. Walirejea Mnarani pamoja na Jedida, mdogo wa marehemu, ambaye Ndinda alimwita mama mdogo. Muda wote huo Hawe Mbeyu ndiye aliyewatilia njiwa nafaka.

Asubuhi hiyo, Ndinda alipofungua kimlango na kuchungulia, aliona maganda ya mayai ukingoni mwa kiota. Alidhani paka wameyala, kisha akaona kitu kikisogea chini ya kifua cha jike. Mayai yalikuwa yameanguliwa. Alikuwa ametarajia vifaranga vya kupendeza kama vya kuku. Alichokiona ni viumbe wawili vipofu, wekundu, wenye midomo mikubwa kupita vichwa, na vinyweleo vya manjano vilivyosimama huku na huku, kama kidevu cha mzee aliyesahau kujinyoa. Ndinda alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba. Halafu aligeuka ili amwite mama aje kuona, akakumbuka, akakaa chini juu ya kigoda na kulia mpaka chai ikachemka na kumwagika.

Hawe Mbeyu alikuja jioni kuwatazama wageni. "Wabaya hao," alisema kwa furaha. "Njiwa akizaliwa mzuri, ujue ana kasoro."

"Hawe, wanakula nini? Niwapikie uji?"

"Usithubutu. Hawa wanalishwa na baba yao na mama yao, wote wawili. Wanawatapikia kitu kama maziwa mazito kutoka shingoni. Wewe usiwaguse wala usiwachungulie kila saa. Kazi yako ni kuwafukuza paka. Na kama kuna jambo hulielewi, mimi niko hapa, nashona makuti yangu tu."

Kila siku Hawe Mbeyu alikaa kibarazani mwake akishona makuti ya kuezekea. Mikono yake haikupumzika hata alipozungumza na mtu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na safu ya masanduku ya njiwa, na ukiwa shuleni ungeweza kuijua nyumba yake kwa njiwa waliozunguka juu ya paa.

Mambo yangeendelea vizuri kama si ugomvi.

Ugomvi ulianza wakati wa chakula cha jioni. Jedida aliweka sahani chini, akasema, "Shemeji, wiki ijayo narudi Kitui. Nadhani ni vyema niende na Ndinda."

Kyalo, baba yake Ndinda, alikuwa fundi wa mabomba. Alitoka alfajiri na mfuko wake wa spana, akarudi jua likizama. "Ndinda ana shule hapa," alijibu.

"Kitui pia kuna shule. Mtoto wa kike ataishije na mwanamume asiyeonekana nyumbani mchana kutwa? Nani atampikia? Nani atajua akiugua?"

"Unataka kusema mimi siwezi kumlea mwanangu?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Sauti zilipanda. Hakuna aliyemuuliza Ndinda, ingawa alikuwa ameketi katikati yao na sahani ya ugali mapajani. Alitoka nje taratibu. Ndani ya nyumba baba aligonga meza, sufuria ikaanguka kwa kishindo, na dume wa kijivu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa sanduku, akaruka kwa mshtuko. Alizunguka juu ya ua, kisha akaenda kutua kwenye paa la Hawe Mbeyu. Ndinda alimngoja. Giza lilianza kuingia na dume hakurudi.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Kwenye vijiji vingi vya pwani hii watu husema kwamba njiwa hakai katika nyumba yenye ugomvi. Hawe mwenyewe aliwahi kulisema jambo hilo mara nyingi. Mwikali na Kyalo walipobishana kwa sababu ya redio, Hawe alipiga kelele kutoka ng'ambo ya mfereji, "Nyie, nyamazeni, mtanihamishia njiwa!" Wote walicheka. Lakini Ndinda hakuwa amezaliwa hapo, na mambo ya hapo aliyashika kama yalivyo. Kwake lilikuwa jambo la kweli kama jua kuchomoza. Nyumba yao sasa ilikuwa na ugomvi. Dume ameshahama. Jike akimfuata, makinda watakufa, na kila kitu cha mama kitakuwa kimekwisha.

Alipanda kigodani. Jike alikuwa ndani, ametulia juu ya makinda. Ndinda alikifunga kimlango, akazungusha waya, akauzungusha tena.

Kesho yake asubuhi hakuufungua waya. Alilegeza kimlango kidogo, akasukuma ndani punje za mahindi na mchele, na kifuniko cha chupa chenye maji, kisha akafunga. Alijiambia kwamba jike ana chakula na maji, basi ana haja gani ya kutoka? Hakukaa kuona kwamba jike alipogeuka tu, kifuniko kilipinduka na maji yakanywewa na majani ya kiota. Aliona tu kwamba dume wa kijivu alirudi, akatua juu ya sanduku, akadonoa kimlango, akadonoa tena, kisha akaruka kurudi kwa Hawe. Ndinda alifikiri, "Amekuja kumwita mwenzake wahame." Akaenda shule.

Shuleni alikaa dawati moja na Hope, msichana mwenye maswali mengi kuliko mwalimu. "Makinda wa njiwa wako wamefumbua macho?" Hope aliuliza wakati wa mapumziko.

"Bado."

"Nije leo niwaone?"

"Hawapendi wageni," Ndinda alisema. Neno lilitoka kwa urahisi mpaka likamshangaza.

"Hata mimi? Mimi si mgeni, mimi ni rafiki yako."

"Wakikua utawaona," alijibu, akageukia kitabu chake.

Ilikuwa miezi ya kaskazi, na wanaoishi Kilifi wanajua jua la wakati huo. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto kufikia saa nne. Ndani ya nyumba watu walijipepea kwa madaftari. Sanduku la kreti, limefungwa kimlango, lilikuwa limening'inia palepale chini ya mabati. Jioni ya siku hiyo ugomvi uliendelea, kwa sauti ya chini zaidi lakini kwa maneno makali zaidi. Ndinda alilala akiwa amefarijika kwamba ule waya ulikuwa imara.

Siku iliyofuata asubuhi, alipokuwa akiosha sahani mferejini, Hawe Mbeyu alikuja na ndoo yake.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, jike wa mamako yuko wapi? Dume wake yuko kwangu siku mbili hizi anazurura kama mtu aliyepoteza ufunguo. Na yeye simwoni hapa akija kunywa maji."

Ndinda alisugua sahani iliyokuwa tayari safi. Angeweza kusema. Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi: nimemfungia, Hawe, naogopa atahama. Lakini aliogopa kwamba Hawe angemwambia afungue, na akifungua, jike angeondoka.

"Anakuja," alisema. "Huja asubuhi. Labda hujamwona."

Hawe alimtazama. "Anakuja kweli?"

"Ndiyo, Hawe."

"Haya basi." Hawe alijitwika ndoo yake na kuondoka, kwa sababu hakuwa na mazoea ya kumwita mtoto wa marehemu mwongo.

Kesho yake Ndinda aliporudi kutoka shuleni, alipanda kigodani na kulegeza kimlango. Harufu nzito ilimpiga usoni. Jike alikuwa amesimama pembeni, mdomo wazi, mabawa yameachana na mwili, akihema. Punje za mahindi zilikuwa vilevile, hazikuguswa. Kwenye kiota makinda wawili walikuwa wamelala, mmoja juu ya mwenzake. Wa juu alitikisika. Wa chini alikuwa amekauka, shingo yake imelegea, na tayari sisimizi walikuwa wamemfikia.

Ndinda aliufungua waya haraka, akaung'oa kabisa. Kimlango kilifunguka. Jike alitoka kwa kuyumba, akaanguka zaidi kuliko alivyoruka, akatua chini ya mfereji penye dimbwi dogo. Alizamisha mdomo na kunywa bila kuinua kichwa. Alikunywa kwa muda mrefu. Ndinda alisimama juu ya kigoda akiomba moyoni, "Sasa rudi. Tafadhali rudi kwa mtoto wako."

Jike alijikung'uta mabawa. Alitazama huku, akatazama kule. Kisha akaruka, akapita juu ya sanduku bila kusimama, akaenda kutua kwenye paa la Hawe Mbeyu karibu na dume wake.

Ndinda alimwita kwa Kikamba, kwa maneno aliyokuwa akiyatumia mama. Jike hakusogea. Alingoja mpaka kivuli cha nyumba kikafunika ua mzima. Kinda aliyebaki alianza kupoa. Aliinua kichwa chake kizito kisichoona, akafungua mdomo kutafuta, akakirudisha chini. Alifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara kichwa kilichelewa zaidi kuinuka.

Kuna njia mbili za kupita wakati kama huo, na Ndinda aliziona zote. Angeweza kumfukia kinda aliyekufa nyuma ya choo, kumwacha wa pili afe pia, kisha kusema kwamba njiwa wamehama kwa sababu ya ugomvi. Wangemwamini. Baba na mama mdogo wangejilaumu wenyewe, na hakuna ambaye angemuuliza habari za waya. Lakini kinda aliinua kichwa tena. Ndinda alimchukua, akamfunika kwa ncha ya leso ya mama iliyokuwa ikining'inia jikoni, akaingia ndani.

Baba alikuwa amerudi mapema, na yeye na Jedida walikuwa wameshaanza kubishana.

"Mimi ndiye niliyewaua," Ndinda alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Mmoja amekufa. Huyu naye anakufa. Nilimfungia mama yao ndani ya sanduku. Mlikuwa mnagombana, na njiwa hawakai penye ugomvi, nikaogopa watahama. Hawe aliniuliza, nikamdanganya. Nimemfungulia, amekimbia, hataki kurudi. Baba, mama aliniambia niwaangalie."

Alifunua leso. Baba alimtazama mtoto wake, akatazama kile kilichokuwa ndani ya leso, na uso wake ukabadilika. Huyu ni mtu ambaye hakulia kaburini mbele ya watu. Aliketi juu ya kiti, akafunika macho kwa mkono wenye grisi, na mabega yakamtikisika.

Jedida ndiye aliyesimama kwanza. "Twende kwa jirani," alisema. "Haraka, kabla hajapoa kabisa."

Hawe Mbeyu alikuwa kibarazani, rundo la makuti mbele yake. Aliposikia hatua aliinua macho, na alipoona leso aliweka kuti chini, jambo ambalo Ndinda hakuwahi kuliona. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha alinyoosha mikono yake miwili migumu, akampokea kinda, akampulizia pumzi ya joto, akamfunika kati ya viganja.

"Baridi," alisema. "Lakini moyo unapiga. Nina jozi moja kule nyuma, yai lao moja lilikuwa bovu, wanalea mtoto mmoja tu, na rika lao ni moja. Nitamweka chini yao sasa hivi, jua linapozama. Wakati huu njiwa huwa mtulivu, hahesabu."

"Watamkubali?" Jedida aliuliza.

"Wakimkubali, atalishwa. Wakimkataa, watamtupa chini. Sitakudanganya." Alimgeukia Ndinda. "Lakini ujue jambo moja kabla sijafanya. Akikua hapa, hapa ndipo patakuwa kwao. Njiwa hurudi alipolelewa. Ukimpeleka kwenu atarudi kwangu. Bado unataka?"

Ndinda alitazama kitambaa cha leso. Kinda huyu ndiye pekee aliyebaki kati ya yale mayai mawili ambayo mama aliyaona. Alitaka kusema hapana, mpe joto kidogo nitamlea mwenyewe kwa uji na kijiko. Alilitaka hilo kwa nguvu. "Nataka aishi," alisema mwishowe, na machozi yakamshuka.

Walikwenda nyuma ya nyumba. Hawe aliingiza mkono polepole chini ya njiwa mwekundu aliyekuwa amefumba macho, akauacha mkono ndani kwa muda, akautoa mtupu. Njiwa alijisogeza, akajikung'uta, akatulia. Wote walisimama wakingoja. Hakuna kilichoanguka.

Waliporudi kibarazani, Hawe alimketisha Ndinda karibu naye. Baba alikuwa amewafuata, na sasa alisimama mbele ya baraza, kofia mkononi.

"Sasa nisikilize, na si kwa sababu nakuchukia," Hawe alisema. "Kule kumfungia, ulifanya kwa kutojua. Mimi mwenyewe nilisema habari za njiwa na ugomvi kama mzaha, nikasahau kwamba mtoto hushika. Hilo la kufungia tunaligawana. Lakini jana nilikuuliza. Jana makinda walikuwa hai wote wawili. Ungaliniambia jana, leo tungekuwa hapa na wawili."

Jedida alisogea kama anayetaka kumzuia. Hawe alitikisa kichwa.

"Mwache asikie. Ana uchungu wa kutosha kuweza kuelewa. Ndinda, sikulaumu kwa kuogopa. Nakwambia tu kwamba uwongo ule ulikula siku moja nzima, na kinda yule hakuwa na siku ya kutoa."

Maneno yale yaliuma. Ndinda aliinamisha kichwa, akajua kwamba ni kweli, na kwamba atayakumbuka maisha yake yote. Lakini pia, kwa mara ya kwanza tangu kaburini, alihisi kwamba kuna mtu aliyemsemesha kama binadamu anayeelewa, wala si kama mzigo unaogombewa.

Baba alikohoa. "Hawe, kosa kubwa ni letu. Tulipiga kelele juu ya kichwa chake na hatukumuuliza hata neno moja." Alimtazama Jedida. "Shemeji, nakuomba radhi."

"Na mimi, shemeji," Jedida alisema kwa sauti ndogo. "Namlilia dada yangu, nikadhani nikimchukua Ndinda nitakuwa nimebaki na kipande chake."

Usiku ule walikula pamoja, na baba ndiye aliyeuliza. "Ndinda, wewe unataka nini?" Ndinda alisema anataka kubaki na baba, lakini hataki mama mdogo aondoke upesi. Iliamuliwa kwamba Jedida angekaa mpaka shule zifungwe, na likizo Ndinda angekwenda naye Kitui. Kabla ya kulala walimzika kinda aliyekufa nyuma ya jiko. Baba alichimba, Jedida akashika taa, na hakuna aliyesema neno la kumkejeli mtu anayezika ndege.

Asubuhi Ndinda hakungoja hata chai. Hawe alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, mkono kiunoni. "Chungulia," alisema. Chini ya kifua cha njiwa mwekundu kulikuwa na vichwa viwili, na shingo ya yule mdogo, kinda wa Ndinda, ilikuwa imejaa chakula kama mfuko uliofungwa.

Tangu siku hiyo Ndinda alipita kwa Hawe kila alipotoka shuleni. Alijaza maji katika karai la njiwa, akafagia chini ya masanduku, akabadilisha majani ya viota. Hope alikuja pia, baada ya Ndinda kumweleza ukweli wote, naye Hope akakasirika kwa muda wa kipindi kimoja cha hesabu, kisha akasahau. Kinda alifumbua macho, akaota manyoya, meupe kama ya mama yake lakini yenye doa la kijivu kifuani. Akajifunza kuruka. Siku moja alitua katika ua wa kina Ndinda, akadonoa punje chache mbele ya miguu yake. Njiwa aliinua kichwa, akaruka, akarudi kwenye paa la Hawe. Ndinda aliumia, akakaa na maumivu yake, kisha akaenda kuosha vyombo. Sanduku la mama lilibaki tupu. Wale wawili wa zamani walikuwa wameshapata tundu kwa Hawe, na hakuna aliyejaribu kuwalazimisha kurudi.

Ilikuwa jioni, karibu na kufunga shule. Hawe alikuwa mbele akishona makuti na Ndinda alikuwa peke yake nyuma, akibadilisha majani ya kiota kimoja. Kiwiko chake kiligusa yai. Lilijiviringisha, likapasuka ukingoni mwa sanduku, na ute ukamiminika kwenye ubao mpaka kwenye sanduku la pembeni, mlimokuwa na makinda walioanguliwa siku ile ile.

Hakuna aliyemwona. Ndinda alisimama na majani mkononi. Ganda lilikuwa dogo. Lingeweza kutoshea mfukoni. Alilitazama kwa muda mfupi tu, kisha akakimbia.

"Hawe, nimevunja yai. La yule wa kahawia. Nimeligonga kwa kiwiko."

Hawe hakuacha kushona. "Ute umemwagika wapi?"

"Kwenye ubao. Umefika mpaka kwa makinda."

Hapo Hawe aliweka kuti chini. "Lete maji na kitambaa, upesi. Sisimizi wakinusa ule ute, kufikia alfajiri wamejaa kiotani na makinda hawa hawana pa kukimbilia."

Walipangusa pamoja, Ndinda akikamua kitambaa, Hawe akisugua nyufa za mbao kwa kidole. Walipaka jivu kuzunguka sanduku. Walipomaliza, Hawe aliegemea ukuta, akapumua.

"Unaona?" alisema. "Yai limevunjika, na yai halishonwi kama makuti. Nimeudhika, sitakuficha. Lakini umeniambia sasa hivi, kwa hiyo kazi yangu imekuwa ya kupangusa. Ungeniambia kesho, ingekuwa ya kuzika. Kukosea tutakosea, mimi, wewe, na babako fundi. Mtu mwaminifu si yule asiyekosea, mwanangu. Ni yule anayesema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."

Ndinda aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akimfikiria yule kinda aliyezikwa nyuma ya jiko. Hawe alilijua hilo, akamwekea mkono begani na kuuacha hapo. Ndani ya sanduku njiwa wa kahawia alikuwa amerudi, na makinda wa jirani yake walikuwa wakiinua vichwa, wakiomba chakula.